Presha ya Usiku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na kisukari. Kwa miaka mingi nilikuwa nawapima watu saa tatu asubuhi, wamekaa kitini, macho wazi, na namba hiyo moja ndiyo tuliyoitegemea. Maswali yafuatayo yalianza kuja nilipoanza kuwauliza wagonjwa wangu wanalalaje, wanakula saa ngapi, na nani anakoroma ndani ya nyumba. Ukisoma ukakuta jambo linalokuhusu, usibadilishe dawa kwa sababu ya ukurasa huu. Nenda nalo kwa anayekutibu.

Kwani presha ya mtu haibaki ileile mchana na usiku?

Haibaki. Mtu mwenye afya akilala, presha yake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ukilinganisha na ya mchana. Kama namba yako ya juu, ile inayotajwa kwanza, mchana ni 130, usiku inatakiwa iwe kati ya 104 na 117. Usingizi ukishakupitia, neva zinazouchochea mwili hutulia, moyo hupiga taratibu, mishipa hulegea. Usingizi mzito wa saa za mwanzo ndio unaoishusha zaidi. Wakati wa ndoto hupanda na kushuka. Kuelekea alfajiri homoni za kuuamsha mwili huongezeka, na presha huanza kupanda hata kabla hujafumbua macho. Mshtuko wa moyo na kiharusi hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana, na mpando huo wa alfajiri ni sehemu ya sababu.

Wapo ambao presha yao haishuki, au inashuka kidogo tu. Wapo hata ambao usiku inapanda kuliko mchana. Mwaka 1988 Eoin O'Brien na wenzake wa Dublin, Ireland, waliandika katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wa aina hii walikuwa na historia ya kiharusi zaidi kuliko wale ambao presha yao inashuka kama kawaida. Tangu hapo usiku haukuonekana tena kuwa muda wa mapumziko usiohitaji kuangaliwa.

Isiposhuka kuna ubaya gani, ikiwa mchana iko sawa?

Mishipa inakosa saa zake za kupumzika. Moyo unasukuma dhidi ya mzigo uleule saa 24, misuli yake inanenepa, figo zinachuja kwa nguvu usiku kucha, na mishipa midogo ya ubongo inaumia polepole bila mtu kuhisi chochote.

Dublin hiyohiyo, mwaka 2005, walitoa matokeo ya wagonjwa 5,292 waliokuwa wamevalishwa kipimo cha saa 24 kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Presha ya usiku ilitabiri vifo kuliko ya kliniki na kuliko ya mchana. Kila namba ya juu ya usiku ilipozidi kwa 10, hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa iliongezeka kwa asilimia 21. Mimi nikiwa na nafasi ya kujua namba moja tu ya presha ya mgonjwa wangu, ningechagua ya usiku.

Usiku presha inahesabiwa kuwa ya juu ikifika ngapi?

Kwa mwongozo wa Ulaya, wastani wa usiku ukifika 120/70 au kuzidi, ni juu. Wamarekani wamekaza zaidi: wao wanahesabu kuanzia 110/65. Linganisha na 140/90 ambayo wengi tunaijua kama mpaka wa kliniki, au 135/85 ya kujipimia nyumbani. Namba inayokupa pongezi mchana inaweza kuwa mbaya kabisa saa nane ya usiku.

Kliniki wananiambia iko vizuri. Nitajuaje ya usiku?

Njia ya uhakika ni kipimo cha saa 24. Kinapatikana kwenye hospitali kubwa na zile za moyo. Unafungwa kitambaa cha presha kwenye mkono usioutumia sana, mpira unapita chini ya nguo hadi kwenye kimashine kinachokaa kiunoni, unarudi nyumbani, unaendelea na maisha yako. Mchana kinapima kila dakika 20 au 30, usiku kila nusu saa.

Nilikivaa mwenyewe mwaka juzi. Kwanza nilitaka tu nijue ninachowavalisha watu. Kitambaa kinavimba, kinakaza mkono mpaka unahisi mapigo kwenye vidole, kinatulia kidogo, halafu kinaachia hewa kwa mlio mwembamba kama wa tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Mume wangu aliamka mara mbili akitafuta panya ndani ya neti. Nilijifunza jambo ambalo sasa namwambia kila mtu: ukilala ubavu, mkono wa juu unakuwa juu ya usawa wa moyo na namba inatoka ndogo kuliko ilivyo. Jitahidi mkono wenye kitambaa uwe kwenye godoro, usiulalie, na uandike kwenye karatasi saa uliyolala na uliyoamka.

Majibu yangu yalikuwa 128 mchana na 121 usiku. Ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5 na kidogo. Kliniki nilikuwa napimwa 126/78 na kupongezwa.

Nani hasa aombe kipimo hiki? Anayekoroma. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo. Aliyewahi kupata kiharusi. Anayemeza dawa tatu na presha haishiki. Na yule ambaye presha yake ya kliniki ni nzuri lakini eko ya moyo, kile kipimo cha picha ya moyo, inaonyesha misuli imenenepa. Usipokipata kipimo hicho, jipime nyumbani kwa siku saba: mara mbili asubuhi kabla ya dawa na chai, mara mbili jioni, ukiwa umekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Presha ya asubuhi ikiwa juu kila siku, usiku wako una jambo.

Chumvi ya mchana inahusianaje na presha ya usiku?

Inahusiana sana, na hapa nataka tukae kidogo.

Chumvi inatolewa mwilini na figo kupitia mkojo. Figo zikiletewa chumvi nyingi kuliko zinavyoweza kuitoa mchana, zinafanya kama mama ntilie aliyebakiwa na masufuria: zinakesha. Na ili ziisukume chumvi itoke, zinahitaji damu ije kwa nguvu. Mwili unazipa nguvu hiyo kwa kuibakiza presha juu usiku. Mwaka 1997 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Takashi Uzu, walionyesha kwamba wagonjwa ambao presha yao haikuwa inashuka usiku, walipopunguziwa chumvi, ilianza kushuka. Hawakubadilishiwa kitanda wala kupewa dawa ya usingizi. Ni chumvi tu.

Watu wenye asili ya Afrika wengi miili yetu huishika chumvi, na tafiti za Marekani zimeonyesha mara nyingi kwamba mshuko wa presha ya usiku kwa Wamarekani Weusi ni mdogo kuliko wa wenzao. Kwa hiyo ushauri wa chumvi kwetu ni wa kuuchukulia kwa uzito wake wote.

Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ile ya mkate, ya maandazi, ya vidonge vya kuungia mchuzi na ya chipsi za kona. Wagonjwa wangu wengi huniambia, "Mimi siongezi chumvi mezani." Naamini. Lakini nikiuliza mboga ilikuwa nini, jibu ni ng'onda, au papa wa chumvi, au achari pembeni ya wali. Samaki wa chumvi ameshikiliwa asioze na chumvi hiyohiyo. Kumloweka usiku kucha, kumwaga maji na kumchemsha upya kunapunguza, hakuondoi.

Halafu kuna magadi. Bibi mmoja alikuja, presha haishuki, chumvi ameacha kabisa na anaapa. Nikamuuliza maharage anayapikaje. "Mwanangu, maharage bila magadi si utamaliza gunia la mkaa?" Magadi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha, ila haina ule ukali wa chumvi ulimini, kwa hiyo mtu hashtuki. Yamo kwenye maharage, kwenye makande, kwenye kisamvu, kwenye mlenda, kila siku. Tulikubaliana aloweke maharage tangu usiku, amwage maji yale, apike kwa maji mapya. Mkaa uliongezeka kidogo, hilo halina ubishi. Lakini magadi hayakurudi.

Kwa familia, njia iliyowasaidia watu wangu ni hii: asubuhi weka chumvi ya siku nzima kwenye kikombe, vijiko vitatu vya chai kwa nyumba ya watu wazima watano, kwa sababu nyingine imeshatangulia ndani ya mkate na vitoweo. Kila sufuria lichukue humo. Kikombe kikiisha saa nane mchana, limao na kitunguu saumu na pilipili vimalizie chakula cha usiku. Wiki mbili za kwanza chakula kinaonekana kimepooza. Baada ya hapo ulimi unazoea.

Na chumvi zenye potasiamu? Zinasaidia. Mwaka 2021 China walitoa matokeo ya utafiti wa vijiji 600 na watu karibu 21,000: waliotumia chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, asiiguse bila kuuliza. Kwake inaweza kuusimamisha moyo.

Naamka mara tatu usiku kukojoa. Ni tezi dume au presha?

Wanaume wakishavuka miaka 50 wanaambiana ni tezi, na mara nyingine ni kweli. Lakini mkojo wa usiku unaweza kuwa ni figo zinazokesha kama nilivyoeleza hapo juu. Mwaka 2017 watafiti wa Nagasaki waliwaelekeza watu wanaoamka usiku wapunguze chumvi. Waliofanikiwa kushuka kutoka gramu 10.7 hadi 8 kwa siku, safari zao za chooni zilipungua kutoka wastani wa 2.3 hadi 1.4 kwa usiku. Ambao chumvi yao iliongezeka, safari ziliongezeka. Kisukari, kukata pumzi usingizini na dawa ya presha ya kukojoza iliyomezwa jioni pia huamsha watu. Mweleze daktari unaamka mara ngapi. Swali hili mara nyingi haliulizwi kliniki, lianzishe wewe.

Mume wangu anakoroma sana. Hiyo si dalili ya kulala fofofo?

Hapana, mama. Hili ndilo swali ninalotamani kila mke aliulize.

Msikilize usiku mmoja. Anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haitoki wala kuingia. Hesabu: kumi, kumi na tano, ishirini. Halafu anashtuka, anavuta hewa kwa mkoromo mkubwa, anageuka, na safari inaanza upya. Ule ukimya ni koo lililoziba. Oksijeni inashuka, mwili unapiga kengele ya hatari, adrenalini inamwagika, presha inaruka juu. Ikijirudia mara nyingi kila saa, usiku kucha, presha haina nafasi ya kushuka. Kati ya wagonjwa ambao presha yao haidhibitiki kwa dawa tatu, tatizo hili ni la kawaida sana.

Dalili za mchana: kuamka na kichwa kinauma, kinywa kikavu, kusinzia kwenye daladala kabla haijafika kituo cha pili, hasira za haraka, kusahau. Wanawake nao hupata, hasa baada ya kukoma hedhi, na kwao mara nyingi hujitokeza kama uchovu na usingizi wa kukatikakatika badala ya mkoromo mkubwa.

Mrekodi kwa simu dakika tano, daktari asikie. Kurekodi huku kumewahi kubadilisha matibabu ya mgonjwa wangu kuliko maelezo ya miaka miwili. Nyumbani: alale ubavu, maana chali ulimi na nyama za koo huanguka nyuma. Wengine hushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili akigeuka chali umsumbue. Apunguze uzito kama umezidi, pombe ya jioni aache. Wale wenye hali kali huhitaji mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Peke yake huishusha presha kwa kiasi kidogo, namba 2 au 3 kwa wastani, na zaidi kwa wenye presha sugu. Lakini mtu anaamka akiwa mtu.

Kula usiku sana kunapandisha presha?

Mwaka 2016 watafiti wa Uturuki waliwasilisha matokeo ya wagonjwa wa presha zaidi ya 700: waliokula ndani ya saa mbili kabla ya kulala walikuwa na presha isiyoshuka usiku zaidi kuliko waliokula mapema. Ni utafiti mmoja na hauthibitishi kila kitu, lakini unalingana na ninachokiona. Chakula cha saa nne usiku huwa ndicho kizito kuliko vyote: chipsi mayai, mishkaki, supu yenye chumvi. Kula, halafu ukalale, mwili unakuwa na kazi mbili. Ukiweza, maliza saa mbili usiku. Ukichelewa kutoka kazini, kula nusu na uongeze asubuhi.

Bia moja hunisaidia kulala. Kuna shida?

Pombe inadanganya hata kipimo. Ukinywa nyingi, saa za mwanzo presha hushuka huku moyo ukienda mbio. Baada ya saa 13 hivi presha inapanda juu kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo anayejipima usiku baada ya kunywa anaona namba nzuri na kufurahi, na anayepimwa kliniki kesho yake mchana anaambiwa imepanda na kusingizia foleni. Usingizi wa pombe ni wa kupitiwa haraka na kuamka saa tisa ya usiku. Koo linalegea, mkoromo unaongezeka. Anayekunywa kila siku akipunguza, presha yake hushuka kweli. Aliyezoea nyingi kwa miaka asikate ghafla bila msaada wa daktari, kwa kuwa kutetemeka na degedege vinaweza kumpata.

Kahawa, chai, mirungi?

Kafeini nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa tano, kwa mjamzito zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini ya miligramu 400, iliyomezwa saa sita kabla ya kulala, iliwanyang'anya watu zaidi ya saa moja ya usingizi, na wengi hawakujua. Kama unalala saa nne usiku, kikombe cha mwisho kiwe saa kumi jioni. Nayajua mabaraza ya pwani, kahawa chungu na kashata baada ya Isha, na simwambii mzee wangu yeyote aache baraza lake. Maongezi yale ni dawa. Abaki na kashata kidogo na kikombe kimoja badala ya vitatu, au aombe tangawizi. Chai ya rangi ina kafeini pungufu ya kahawa, lakini imo. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva na bodaboda usiku vina kafeini na sukari kwa pamoja.

Mirungi, au miraa, ni habari nyingine. Dawa iliyomo inafanana kazi na amfetamini: inapandisha presha, inakimbiza moyo, inafukuza usingizi. Yemen, ambako wengi hutafuna kuanzia mchana, watafiti waliandika mwaka 2002 kwamba watafunaji walipata mshtuko wa moyo zaidi kati ya saa nane mchana na saa sita usiku, tofauti na asubuhi iliyozoeleka. Majani yalihamisha saa ya hatari.

Nafanya kazi zamu ya usiku. Nifanyeje?

Namjua mlinzi, namjua muuguzi, namjua mwokaji mikate. Mwili wao umelazimishwa kulala jua likiwaka. Presha hufuata usingizi zaidi kuliko saa ya ukutani, kwa hiyo ukilala mchana kweli inashuka, lakini usingizi wa mchana ni mfupi na wa kukatizwa, na presha hushuka kidogo. Ukifika nyumbani usianze kufua. Weka pazia zito au khanga mbili dirishani, zima simu, waambie watoto. Usingizi wako usipungue saa sita. Kula chakula kikubwa kabla ya zamu, na saa tisa ya usiku kula chepesi: ndizi, karanga zisizo na chumvi, uji. Kama zamu zinabadilika kila siku mbili, omba zikae wiki. Mimi niliomba, nikakubaliwa kwa shida. Na ukivaa kipimo cha saa 24, mwambie daktari saa unazolala, la sivyo usiku wako utasomwa kama mchana.

Kelele za mtaani zinaweza kupandisha presha nikiwa nimelala?

Ndiyo, hata usipoamka. Karibu na viwanja vya ndege vinne vya Ulaya watu 140 walipimwa wakiwa wamelala, na matokeo yakatoka mwaka 2008: kelele ikizidi, namba ya juu ilipanda kwa takriban 6 papo hapo. Kwetu ni baa, ni spika za kigodoro, ni lori linalopakia. Huwezi kuhamisha mtaa. Hamisha kitanda mbali na ukuta wa barabarani, tumia vizibo vya masikio, na feni pia husaidia kufunika kelele na kupunguza joto.

Mazoezi yafanywe asubuhi au jioni?

Wakati wowote utakaoendelea nao. Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka zinatosha kuanzia. Utafiti wa São Paulo wa mwaka 2019 kwa wanaume waliokuwa kwenye dawa za presha uliona mazoezi ya jioni yakishusha zaidi kuliko ya asubuhi. Acha tu saa moja au mbili kati ya jasho na kitanda.

Dawa nimeze usiku ili ishuke nikiwa nimelala?

Swali hili lililetwa na utafiti wa Hispania wa mwaka 2019 uliodai kwamba kumeza usiku kunapunguza vifo kwa kiasi kikubwa mno. Wataalamu wengi waliutilia shaka. Uingereza wakafuatilia watu 21,104 na kutoa matokeo mwaka 2022: asubuhi au usiku, hakukuwa na tofauti ya mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Kanada nao mwaka 2025 wakakuta hivyohivyo. Kwa hiyo saa bora ni ile usiyoisahau. Daktari akiona presha yako ya usiku iko juu anaweza kukupangia vingine, hilo ni lake na wewe.

Mwezi wa Ramadhani presha yangu ya usiku itakuwaje?

Tafiti zilizowavalisha wafungaji kipimo cha saa 24, wale walio kwenye dawa na presha imetulia, hazikuona wastani ukipanda kwa kiasi kikubwa. Kinachobadilika ni saa: mpando wa asubuhi unahamia kwenye daku. Hatari naziona kwenye meza ya futari, sambusa, kachori, supu, vyote vyenye chumvi, na kwenye dawa zinazorukwa. Kaonane na daktari Shaaban ikiwa bado haijaisha. Dawa nyingi za mara moja kwa siku huhamia usiku bila shida. Ile ya kukojoza ikimezwa daku itakukausha mchana, kwa hiyo iulizie mahsusi. Mwenye figo mbovu au aliyepata kiharusi karibuni amsikilize daktari kuhusu kufunga kwenyewe.

Nina mimba. Inanihusu?

Sana. Katika kifafa cha mimba na dalili zake za mwanzo, ule mshuko wa usiku hupotea, na presha inaweza kuwa juu usiku kuliko mchana. Ukiamka usiku kichwa kinauma sana, unaona vimulimuli au maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali usiku huohuo.

Dawa za maumivu zina ubaya?

Diklofenaki na ibuprofeni hubakiza chumvi na maji mwilini na hupunguza nguvu ya dawa za presha. Nimekuta wazee wanazimeza kila usiku kwa ajili ya magoti, wamezinunua dukani, na kwenye kadi ya kliniki hazimo. Zitaje. Kwa wengi parasetamoli kwa kipimo chake ni afadhali, ingawa nayo si ya kumeza kila siku bila kuuliza.

Choya na kitunguu saumu vinatosha?

Choya, yale maua mekundu ya rosela yanayochemshwa kama chai, ina ushahidi: utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliwapa watu vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ikashuka kwa 7. Inywe bila sukari nyingi. Lakini mwenye 170 akishuka 7 bado yuko hatarini, na dawa aliyoiacha ndiyo iliyokuwa inamlinda usiku.

Wewe mwenyewe ulifanya nini na matokeo yake?

Nilihamisha chakula cha jioni kutoka saa nne hadi saa moja na nusu, ng'onda nikawaachia sikukuu, chai ya saa mbili usiku nikaacha, na zamu zikapangwa kwa wiki. Miezi sita baadaye nilivaa kipimo tena: 126 mchana, 114 usiku. Bado haijafika asilimia 10. Nitakivaa tena mwaka huu.

Nimeamka usiku wa manane najisikia vibaya, nimepima, ni 180/120. Nifanye nini?

Kaa kitako, pumua taratibu, pima tena baada ya dakika tano. Kama una maumivu ya kifua, pumzi inabana, mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, ulimi mzito, macho yana giza, au kichwa kinauma kuliko ulivyowahi kuumwa, waamshe watu na uende hospitali sasa hivi. Usisubiri kupambazuke. Kama huna dalili hata moja na ulisahau dawa yako ya leo, imeze dozi yako ya kawaida, usiongeze nyingine juu yake, na asubuhi uwe wa kwanza kliniki. Usimeze dawa ya jirani. Na usivunje kidonge cha nifedipini ukaweka chini ya ulimi: presha huanguka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu, na mtu anaweza kupata kiharusi kilekile alichokuwa anakikimbia.